Onyo la cheti baada ya kusasisha kompyuta: kwa nini mfumo ulioaminiwa jana unakataliwa leo?

Ni Jumatatu asubuhi mjini Kamembe, kitovu cha wilaya ya Rusizi ambayo wengi bado huiita Cyangugu, jina la mkoa uliofutwa mwaka 2006. Ofisi ndogo ya wakala wa forodha imefunguliwa, na lori la saruji lililotoka Bugarama linasubiri karatasi zake kabla ya kuelekea mpakani. Karani anawasha kompyuta ambayo fundi aliishughulikia mwishoni mwa juma: Windows 10 imeondolewa, Windows 11 imewekwa. Anafungua mfumo wa ofisi, ule ule alioutumia Ijumaa. Badala ya orodha ya wateja, kivinjari kinamwonyesha pembetatu nyekundu na maneno yanayosema kwamba muunganisho wake si wa faragha.

Ofisi hiyo ni ya mfano, lakini hali yenyewe si ya kubuni. Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo ofisi nyingi, kubwa kwa ndogo, zimelazimika kuhama. Kila uhamaji wa namna hiyo huacha nyuma vitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvifungasha. Kimojawapo ni imani: orodha ya vyeti ambavyo kompyuta ya zamani ilikuwa imeagizwa kuviamini.

Chini ya onyo kuna kiungo kidogo cha kuendelea hata hivyo. Kwa mtu mwenye lori linalosubiri nje, kiungo hicho huonekana kuwa ndiyo dawa. Tatizo ni kwamba onyo hilo hilo, kwa maneno yale yale, ndilo ambalo karani angeliona iwapo mtu mwingine angekuwa amejipenyeza kati ya kompyuta yake na seva ili asome namba za vitambulisho, ankara na nywila za wateja. Akizoea kulipuuza moja, atayapuuza yote mawili.

Cheti kinathibitisha nini?

Anwani ya tovuti inayoanza kwa https huahidi mambo mawili. La kwanza ni kwamba mazungumzo kati ya kompyuta na seva yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka kwa mtu wa tatu. La pili, ambalo husahaulika, ni kwamba anayezungumza upande wa pili ni yule anayedai kuwa. Kusimba bila kutambua ni sawa na kumnong'oneza mtu siri gizani: hakuna jirani atakayesikia, lakini hujui sikio lililo mbele yako ni la nani.

Cheti cha kidijitali ndicho kinachojibu swali hilo la pili. Ni faili fupi lenye jina la seva, ufunguo wake wa wazi, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kuisha, na saini ya aliyeidhinisha maelezo hayo.

Kwa mkazi wa Rusizi mlinganisho uko karibu. Afisa wa uhamiaji kwenye daraja la kuelekea Bukavu hawezi kuwajua kwa sura watu wote wanaovuka. Anachokijua ni hati na mihuri: huyu simfahamu, lakini mamlaka iliyompa hati hii naifahamu. Kivinjari hufanya vivyo hivyo. Hakijui tovuti zote duniani, ila kina orodha ya mamlaka za kutoa vyeti zilizokaguliwa na watengenezaji wa vivinjari na mifumo endeshi. Vyeti vikuu vya mamlaka hizo huitwa vyeti mizizi, na katika orodha ya kawaida huwa vinazidi mia moja. Saini ikitoka kwa mmoja wao, mlango hufunguka bila mtumiaji kuambiwa lolote.

Cheti kilichojisaini ni hati ambayo msafiri ameiandika mwenyewe na kuigonga mhuri aliouchonga nyumbani. Huenda anasema kweli tupu, na huenda ni mtu mwema anayerudi kwake. Afisa hana namna ya kujua. Ndiyo maana onyo la kivinjari, likisomwa kwa makini, halisemi kwamba seva ni ya wezi. Linasema kwamba aliyeigonga mhuri hafahamiki.

Ofisi huvitumia vyeti hivyo kwa sababu zinazoeleweka. Havina gharama, na fundi huvitengeneza kwa dakika chache. Kuna sababu nyingine ya kanuni: tangu tarehe 1 Novemba 2015 mamlaka za vyeti zinazotambuliwa na vivinjari zimezuiwa kutoa vyeti kwa majina ya ndani, yaani yale yanayofahamika ndani ya mtandao wa ofisi tu. Seva iliyo chini ya meza na kupewa jina na fundi haiwezi kwenda kuombewa cheti huko nje. Printa, kamera za ulinzi na ruta nazo mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari zimejisaini.

Kitabu cha mihuri kwenye dawati la zamani

Ili karani asisumbuliwe kila siku, fundi aliyeweka mfumo huo miaka kadhaa iliyopita alikichukua cheti cha seva na kukiongeza kwa mkono kwenye orodha ya kompyuta. Kazi hiyo ilifanyika mara moja, haikuandikwa popote, na fundi huyo pengine sasa anafanya kazi Kigali. Siku kompyuta inapofutwa na kuwekewa mfumo endeshi mpya, orodha inayokuja ni ya kiwandani. Ni kama afisa mpya aliyeletwa mpakani na kitabu kipya cha mihuri, huku maelezo ya pembeni ya mtangulizi wake yakibaki katika droo ya dawati lililouzwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza aliyefanya kazi hiyo ni rahisi: aliipandisha Windows ya zamani hadi toleo jipya, au aliifuta diski na kuanza upya? Anayepandisha toleo kwa kawaida hubaki na orodha yake. Anayefuta huipoteza.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwa kuwa kompyuta moja huwa na zaidi ya kitabu kimoja. Chrome na Edge kwenye Windows huheshimu vyeti ambavyo mwenye kompyuta ameviongeza kwenye Windows. Firefox imekuwa na orodha yake yenyewe tangu zamani, na ni kuanzia toleo namba 120 la Novemba 2023 ndipo ilipoanza, bila kuombwa, kusoma pia vyeti vilivyoongezwa kwenye mfumo endeshi. Mafundi wengi wamepoteza nusu siku hapa: Edge inafungua, Firefox ya zamani inakataa, na kila mtu anaishuku seva.

Kitabu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha Java. Lugha hiyo ya programu si ngeni kwa watu wa forodha, kwani ASYCUDA World, mfumo uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, na ambao unatumika Rwanda na katika nchi nyingine nyingi, umejengwa juu yake. Java huhifadhi vyeti inavyoviamini katika faili lake lenyewe liitwalo cacerts, ndani ya folda ya toleo lililowekwa. Toleo jipya likiwekwa huja na folda mpya na faili jipya lenye mamlaka za hadharani peke yake. Vyeti vilivyoongezwa kwa mkono hubaki kwenye folda ya zamani, na aghalabu folda hiyo hufutwa. Dalili yake hutambulika kwa urahisi: ukurasa unafunguka vizuri kwenye kivinjari, lakini programu ya Java inayozungumza na seva ile ile, kwenye kompyuta ile ile, inagoma.

Java pia ilitoa somo la mapema kuhusu masasisho yanayobadilisha masharti. Januari 2014 kampuni ya Oracle ilitoa sasisho la 51 la Java 7. Kuanzia hapo, katika mpangilio wa kawaida wa usalama, programu ndogo zinazofunguliwa kupitia kivinjari zilizuiwa kama hazikuwa na saini au zilikuwa zimejisaini zenyewe. Programu hizo hazikuwa zimebadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni mlinzi wa mlangoni. Oracle iliacha upenyo mmoja, orodha ya anwani ambazo mtumiaji angeweza kuziruhusu kwa hiari yake, na taasisi nyingi duniani ziliishi kwa upenyo huo kwa miaka.

Masharti mapya, cheti kile kile

Kuna hali ambayo cheti kimeongezwa upya kwenye orodha sahihi, kompyuta imezimwa na kuwashwa, na onyo bado lipo. Hapo huenda kosa si la orodha. Huenda cheti chenyewe kimepitwa na wakati.

Mfano ulio wazi ni wa Aprili 2017. Chrome toleo la 58 liliacha kusoma jina la seva katika sehemu ya zamani ya cheti na kutaka liandikwe katika sehemu ya majina mbadala. Mamlaka za hadharani zilikuwa zikifanya hivyo kwa miaka, kwa hiyo tovuti kubwa hazikuhisi kitu. Waliojikuta nje ya mlango ni wenye vyeti vya nyumbani, walioandika jina mahali pamoja tu kwa sababu mwongozo waliousoma ulisema hivyo. Mwaka huo huo vivinjari vikuu viliacha kukubali saini za mbinu ya SHA-1, ambayo watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walionyesha Februari 2017 kwamba inaweza kughushiwa.

Apple ilifuata mwaka 2019. Kwa iOS 13, cheti cha seva kilichotolewa baada ya tarehe 1 Julai 2019 hakiruhusiwi kudumu zaidi ya siku 825, yaani takribani miaka miwili na miezi mitatu, na sharti hilo linavigusa hata vyeti vya nyumbani. Fundi aliyejitengenezea cheti cha miaka 10 ili asirudi tena ofisini atakuta kompyuta za Windows zinakubali huku iPhone ya mkurugenzi ikikataa. Kuongeza cheti hicho kwenye orodha mara kumi hakutasaidia. Kinachotakiwa ni kutengeneza kingine.

Simu zina masharti yake

Katika mji kama Kamembe kazi nyingi hufanyika kwenye simu, na huko mambo ni magumu zaidi. Android 7, iliyotoka Agosti 2016, ilileta kanuni kwamba programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo au la juu yake haziamini vyeti vilivyoongezwa na mwenye simu, isipokuwa mtengenezaji wa programu awe ameruhusu. Kivinjari cha Chrome kwenye simu hiyo hiyo huviamini. Kwa hiyo mfanyakazi anafungua mfumo wa ofisi kwenye kivinjari bila shida, kisha programu ya ofisi iliyo kando yake inamwambia hakuna muunganisho. Simu si mbovu, na hakuna kitufe kwenye mipangilio kitakacholiondoa tatizo hilo. Ni lazima programu yenyewe itengenezwe upya, au seva ipewe cheti cha mamlaka inayotambuliwa.

Kwa upande wa iPhone, tangu iOS 10.3 ya mwaka 2017 kuweka cheti mzizi kwa mkono na kukiamini ni hatua mbili tofauti. Cheti kinaweza kuwemo ndani ya simu na bado kisiaminiwe hadi mwenye simu aingie sehemu ya mipangilio ya kuamini vyeti na kukiwasha.

Simu za zamani zina tatizo la upande wa pili: kitabu chao hakikusasishwa. Tarehe 30 Septemba 2021 muda wa cheti mzizi kiitwacho DST Root CA X3 ulikwisha. Juu yake zilitegemea tovuti zilizopata vyeti vya bure kutoka Let's Encrypt, huduma ya shirika lisilo la faida la Marekani. Vifaa ambavyo havikuwa na cheti mzizi kipya cha huduma hiyo vilianza kutoa maonyo kwa tovuti zisizo na kosa lolote. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 ziliponea kwa jambo la kushangaza kidogo: hazikuwa zikikagua tarehe ya kuisha ya vyeti mizizi, na Let's Encrypt ikautumia udhaifu huo kuzipa muda hadi mwaka 2024. Tangu hapo mwenye simu kama hiyo, na bado ziko mikononi mwa watu wengi katika kanda hii, anaweza kutumia Firefox, ambayo hubeba kitabu chake mwenyewe bila kutegemea kile cha simu.

Soma onyo kabla ya kuligusa

Kwenye Chrome na Edge, chini ya onyo huandikwa msimbo kwa herufi kubwa. Watu huuona kama takataka za kitaalamu, ilhali ndio unaotofautisha magonjwa yanayofanana kwa homa. ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID maana yake aliyesaini hafahamiki: hapa ndipo penye suala la orodha iliyopotea. ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID maana yake jina lililo kwenye cheti silo lililoandikwa kwenye anwani, au limeandikwa mahali pa kizamani. ERR_CERT_DATE_INVALID ni suala la tarehe.

Kuhusu tarehe, jambo la kwanza la kuangalia ni saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta za mezani kuna betri ndogo ya umbo la sarafu inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kompyuta inayozimwa usiku huamka ikiamini ni mwaka iliyotengenezwa, na kwa macho yake vyeti vyote vya leo vinatoka siku zijazo. Tovuti zote zikikataa kwa pamoja, anza na saa. (Wanaodhani kwamba simu iliyodaka mnara wa ng'ambo ya Ziwa Kivu ndiyo inayovuruga saa hawana sababu ya kuhofu: Rwanda na mashariki mwa Kongo hutumia saa moja.)

Kisha linganisha. Kompyuta iliyosasishwa ikikataa na isiyosasishwa ikakubali, tatizo liko kwenye kompyuta. Zote zikikataa kwa siku moja, tatizo liko kwenye seva: ama cheti kimekwisha muda, ama seva nayo imesasishwa na ikajitengenezea cheti kipya bila kumwambia mtu. Programu nyingi za seva hufanya hivyo zinapowekwa upya. Na ikiwa hakuna aliyesasisha chochote, wala saa haijaharibika, wala cheti hakijafika mwisho, lakini onyo limezuka ghafla, hilo ndilo la kuogopwa. Acha kazi kwenye mfumo huo hadi anayeisimamia seva aeleze kilichotokea.

Nani anaandikwa kitabuni?

Kumwongeza mtu kwenye orodha ya kuaminiwa ni kumkabidhi mamlaka, na historia ya karibuni imeonyesha mamlaka hayo yakitumiwa vibaya. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Uholanzi ya DigiNotar, iliyokuwa kwenye orodha za vivinjari vyote vikuu, wakajitolea vyeti bandia, kikiwemo cha Google. Cheti hicho kilitumiwa dhidi ya watumiaji wa intaneti nchini Iran. Wengi hawakuona onyo lolote, kwa sababu muhuri ulikuwa halali. DigiNotar iliondolewa kwenye orodha zote na kufilisika mwaka huo huo.

Julai 2019 watumiaji wa intaneti nchini Kazakhstan walitakiwa waweke kwenye vifaa vyao cheti mzizi cha serikali, hatua ambayo ingewezesha mawasiliano yaliyosimbwa kufunguliwa njiani. Tarehe 21 Agosti 2019 Google na Mozilla zilitangaza kukizuia cheti hicho, na Apple ikafanya hivyo pia. Barani Afrika, mamlaka ya mawasiliano ya Mauritius ilitoa mwezi Aprili 2021 waraka wa mashauriano uliopendekeza njia inayofanana na hiyo kwa mitandao ya kijamii, na ukapingwa vikali na watetezi wa faragha.

Njia ya kuingia kitabuni kwa mlango wa mbele ni ndefu. Tunisia ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambazo mamlaka yake ya taifa ya vyeti imekubaliwa katika orodha ya Mozilla, mwaka 2021, baada ya ukaguzi wa miaka kadhaa. Rwanda nayo ina muundo wa kitaifa wa vyeti vya kidijitali, unaotumika kwa shughuli kama zabuni za umma kupitia mfumo wa Umucyo. Hata hivyo cheti cha kumtambulisha mzabuni ni kitu kimoja, na cheti ambacho kila kivinjari duniani kitakiamini bila kuuliza ni kingine.

Kwa ofisi ya Kamembe suala hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inawataka wanaohifadhi taarifa binafsi za watu wazilinde, na msimamizi wake ni mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao. Wakala mwenye nakala za vitambulisho vya wateja mia moja ni mhifadhi wa taarifa binafsi, hata kama seva yake iko chini ya meza.

Jinsi ya kurudisha imani

Kama msimbo unaonyesha kwamba aliyesaini hafahamiki, na imethibitika kwamba kompyuta ilifutwa, cheti kinapaswa kurudishwa kwenye orodha. Kichukuliwe kwenye seva yenyewe, si kwenye ukurasa wa onyo na si kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kila cheti kina alama yake ya utambulisho, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kwa mbinu ya SHA-256. Mtu mmoja akae mbele ya seva, mwingine mbele ya kompyuta, na wasomeane mfuatano huo kwa simu. Kazi hiyo ni ya dakika mbili na inachosha, lakini hakuna njia nyingine ya bei hiyo inayomzuia mtu wa katikati.

Wakati wa kukiweka, Windows hujitolea kuchagua yenyewe mahali pa kukihifadhi, na wengi hukubali. Mara nyingi cheti kilichojisaini huishia kwenye kabati lisilo la mizizi, na onyo hubaki palepale. Chagua kwa mkono kabati la mamlaka za mizizi zinazoaminiwa. Chagua pia kama ni kwa mtumiaji mmoja au kwa kompyuta nzima: programu zinazojiendesha zenyewe nyuma ya pazia husoma orodha ya kompyuta, si ya karani. Kwa Java, cheti kiingizwe kwenye faili la toleo linalotumika sasa, maana kompyuta moja inaweza kuwa na matoleo matatu.

Ofisi yenye kompyuta tano au zaidi hufanya vyema kuwa na mzizi wake yenyewe. Fundi hutengeneza cheti mzizi cha ofisi, na hicho ndicho kinachosaini vyeti vya seva. Kompyuta zinaamini mzizi huo mara moja, na cheti cha seva kikibadilishwa hakuna haja ya kuzipitia zote tena. Lakini tahadhari ni kubwa kuliko kwa cheti cha kawaida kilichojisaini. Atakayeuiba ufunguo wa siri wa mzizi huo ataweza kutoa cheti cha tovuti yoyote, hata ya benki, na kompyuta zote za ofisi zitakiamini. Ufunguo huo unapaswa kukaa kwenye flashi iliyofungiwa, nje ya seva.

Kitu ambacho hakipaswi kufanywa ni kile ambacho fundi mwenye haraka hukipendekeza kwanza: kuiagiza programu isikague vyeti kabisa. Mifumo mingi ina mstari mmoja wa kufanya hivyo. Onyo hutoweka, mwenye ofisi hulipa, na kuanzia siku hiyo programu itazungumza na yeyote atakayejibu.

Njia safi kuliko zote, kwa ofisi inayomiliki jina lake la intaneti, ni kuiita seva ya ndani kwa tawi la jina hilo na kuiombea cheti cha bure cha Let's Encrypt. Uthibitisho unaweza kufanyika kupitia rekodi za jina lenyewe bila seva kufunguliwa kwa ulimwengu. Cheti hicho hakihitaji kuongezwa popote, na simu zinazosasishwa hukikubali. Gharama yake ni nidhamu ya muda. Vyeti vya mamlaka za hadharani vinazidi kufupishwa: kwa uamuzi wa Aprili 2025 wa baraza la mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, ukomo wake ni siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027 na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kwa kasi hiyo hakuna fundi atakayepanda pikipiki kila mara kwenda kubadilisha cheti kwa mkono, na seva itabidi iwekewe programu ya kujiombea yenyewe. Vyeti vya nyumbani havifungwi na ratiba hiyo, ila vitaendelea kubanwa na siku 825 za Apple, kwa hiyo atakayebaki navyo aiandike tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na jina la aliye na ufunguo wa droo.